Haki za Familia za Wanajeshi Waliofariki: Hali Ilivyo Sindo

Mwanajeshi wa Kenya anapofariki, serikali hubaki na deni kwa watu wa nyumbani kwake. Ukubwa wa deni hilo hutegemea mambo matatu: alifia wapi na katika hali gani, alikuwa ametumikia miaka mingapi, na ni nani wanaoweza kuthibitisha kwamba walikuwa mke, mume au watoto wake. Mambo mawili ya kwanza yameandikwa katika faili za jeshi. La tatu liko nyumbani, kwa wazazi wa pande zote mbili, kwa chifu na kanisani, na mara nyingi halijaandikwa popote. Hapo ndipo mjane hukwama, hata pale sheria inapokuwa upande wake.

Sindo inaonyesha jambo hili vizuri. Ni mji wa wavuvi na wafanyabiashara kando ya Ziwa Victoria, katika eneo la Suba Kusini, kaunti ya Homa Bay. Barabara itokayo Mbita huupitia na kuendelea kusini kupitia Magunga hadi Karungu na Sori, ambako tayari ni kaunti ya Migori. Mji una soko, gati, omena iliyoanikwa juani na vijana wanaosubiri tangazo la kuajiriwa jeshini. Ofisi zinazoamua hatima ya familia ya mwanajeshi haziko hapo. Wizara ya Ulinzi na idara ya pensheni ya Hazina ya Kitaifa ziko Nairobi. Mahakama ya karibu iko Mbita, Mahakama Kuu iko mjini Homa Bay, na Kituo cha Huduma pia kiko Homa Bay. Kila karatasi inayokosekana humgharimu mjane nauli, na anaporudishwa kwa sababu ya herufi moja iliyokosewa, hulipa nauli mara ya pili.

Uhusiano wa ukanda huu na jeshi ni wa zamani kuliko Kenya yenyewe. Mnamo Septemba 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuwa na umri wa wiki chache tu, Wajerumani waliokuwa katika koloni lao la Afrika Mashariki walivuka mpaka wakaingia Kisii, na katika ghuba ya Karungu vyombo vya pande mbili vilirushiana mizinga. Kilichoumiza familia za Nyanza zaidi ya mapigano hayo ni uchukuzi. Kenya ilitoa zaidi ya wanaume 100,000 kuwabebea mizigo wanajeshi wa Uingereza, na mwaka 1917, walipokusanywa kwa nguvu, aliyekabidhiwa kusimamia kazi hiyo ni John Ainsworth, ambaye hadi wakati huo alikuwa mkuu wa mkoa wa Nyanza. Makumi ya maelfu walikufa, wengi zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi.

Mishahara ya wachukuzi wengi waliokufa haikuwafikia warithi wao. Majina yalikuwa yameandikwa vibaya, vijiji havikutajwa, na wakuu wa vita hawakuwa na hamu ya kuwatafuta warithi. Suala la fedha hizo lilibishaniwa kati ya Nairobi na London hadi miaka ya 1930, na mwishowe serikali ya Uingereza ilikataa kuzilipa. Hoja iliyotolewa ni kwamba warithi hawajulikani. Aprili 2021, ripoti maalum ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, hasa kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na huenda idadi ikafika 350,000. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza wakati huo, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni. Radhi hiyo haikuandamana na hesabu ya mishahara iliyobaki, na kasoro hiyo ni kubwa, kwa sababu mchukuzi asiyeandikwa jina kaburini ni yuleyule ambaye mjane wake hakulipwa.

Vita vya Pili viliacha mfumo ulio bora kidogo, ingawa haukuwa wa haki. Askari wa King's African Rifles walipigana Ethiopia, Madagaska na Burma. Tarehe 12 Februari 1944, meli Khedive Ismail ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives, na watu 1,297 wakafa, wakiwemo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Bakshishi ya kumaliza vita ililipwa kwa rangi ya ngozi, Mwafrika akipata sehemu ndogo ya alicholipwa Mzungu wa cheo hichohicho. Msaada uliowafikia baadaye wakongwe hao na wajane wao umekuwa wa hisani zaidi kuliko pensheni. Hutoka kwa Royal Commonwealth Ex-Services League ya Uingereza, na nchini Kenya hupitia chama cha wanajeshi wastaafu, DEFOCA. Mjane mkongwe anayepokea fungu hilo hulipokea kwa sababu jina la mumewe lilihifadhiwa kwenye daftari la chama. Aliyeishi mbali na tawi la chama, au ambaye mumewe hakujiandikisha, hakuwa na wa kumsemea.

Tangu uhuru, haki za familia za wanajeshi zimewekwa katika sheria na kanuni za nchi. Jeshi la leo linaongozwa na Sheria ya Majeshi ya Ulinzi ya mwaka 2012, na malipo ya uzeeni ya wanajeshi yana kanuni zake, ila muundo wake unafanana na ule wa utumishi wa umma kwa jumla. Fedha hutoka kwenye mfuko mkuu wa serikali, si kwenye akiba ya mwanajeshi mwenyewe. Mfumo mpya wa kuchangia pensheni ulioanza Januari 2021 kwa watumishi wa serikali, walimu na polisi haukuwahusisha wanajeshi. Familia ya mwanajeshi, kwa hiyo, inategemea ahadi ya serikali moja kwa moja, na haina akaunti inayoweza kuonyesha salio.

Malipo yenyewe ni ya aina kadhaa. Ya kwanza ni kiinua mgongo cha kifo, yaani fungu moja la fedha linalolipwa mwanajeshi akifia kazini. Ya pili ni pensheni ya wategemezi, inayolipwa kila mwezi kwa muda wa miaka 5 baada ya kifo. Muda huu ndio udhaifu mkubwa wa mfumo wote. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 3 baba alipokufa ana miaka 8 fedha zinapokatika, hajamaliza hata nusu ya shule ya msingi. Mtunga sheria aliyeweka kikomo hicho alifikiria mjane ambaye ndani ya miaka hiyo atakuwa amejipanga. Mjane wa Sindo hujipanga kwa mtaji mdogo wa kununua omena kwa beseni na kuiuza sokoni, na kazi hiyo haiwezi kuzaa karo ya sekondari kwa miaka 5 tu ya matayarisho.

Pengo hilo huzibwa kwa sehemu na mpango wa pensheni ya wajane na watoto, ambao una sheria yake na ambao mtumishi huuchangia kwa asilimia 2 ya mshahara. Aliyechangia humwachia mkewe malipo yanayoanza pale ile miaka 5 inapokwisha. Asiyechangia hamwachii kitu hapo. Jina la mpango lenyewe linaonyesha umeundwa kwa wazo kwamba mwanajeshi ni mwanamume. Kikosi cha wanawake kiliundwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kikiwa kando, na mwishoni mwa miaka ya 1990 wanawake wakaingizwa katika vikosi vya kawaida. Leo kuna wanawake wanaokufa wakiwa na sare ya Kenya na kuacha waume na watoto, na haki za mume aliyefiwa zinapaswa kuandikwa waziwazi kama za mke.

Aliyeuawa akiwa kazini huiachia familia malipo ya aina ya tatu, pensheni maalum. Akiwa katika ujumbe wa kimataifa, fidia nyingine huongezeka. Kenya iliingia Somalia Oktoba 2011 katika Operesheni Linda Nchi, na mwaka 2012 wanajeshi wake wakawekwa chini ya AMISOM, ujumbe wa Umoja wa Afrika. Fidia ya kifo katika ujumbe huo iliwekwa dola 50,000 za Marekani, fedha zikitoka hasa kwa Umoja wa Ulaya na kupitia Umoja wa Afrika na serikali ya nchi ya askari kabla ya kumfikia mjane. Kwa familia ya kijijini hicho ni kiasi kikubwa kuliko chochote itakachoshika maishani, na kwa sababu hiyo huleta mgogoro uleule unaoletwa na shamba kubwa lisilo na hati. Ndugu wa marehemu, wazazi wake na wake zake wote huanza kuulizana nani ana haki.

Inafaa kuzingatiwa hapa kwamba Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, inayomlinda mfanyakazi wa kawaida, imewaacha wanajeshi nje. Fundi akianguka kwenye jengo linalojengwa akafa, sheria hiyo huwapa wategemezi wake fidia ya mishahara ya miezi 96. Familia ya koplo aliyelipuliwa na bomu la barabarani haiwezi kuitumia. Sababu ya kuwatenga ni kwamba jeshi lina mpango wake, na hoja hiyo ina nguvu pale tu mpango huo unapokuwa mwepesi kufikiwa na familia kuliko ule wa fundi.

Swali la nani alikuwa mke ndilo gumu kuliko yote. Wasuba wa Sindo wamekuwa wakizungumza Kiluo na kufuata desturi za Kiluo kwa vizazi kadhaa, na ndoa nyingi huanza kwa makubaliano ya familia na mahari inayolipwa polepole. Mwanajeshi aliye na mke wa kwanza, mikayi, kijijini anaweza kuwa na mke wa pili, nyachira, mjini alikopangiwa kazi, na faili lake kambini likawa na jina la mmoja tu. Sheria ya Mirathi, iliyoanza kutumika Julai 1981, inamtambua mke aliyeolewa kimila kwa ajili ya urithi hata kama marehemu alikuwa na cheti cha ndoa na mwanamke mwingine, na mali ya mwenye wake wengi hugawiwa kwa nyumba kulingana na idadi ya watoto wa kila nyumba, kila mjane akihesabiwa pamoja nao. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inataka ndoa za kimila zisajiliwe pia. Zile zilizofungwa kabla yake, na nyingi zilizofungwa baadaye, hazina cheti. Basi kinachobaki ni barua ya chifu.

Barua hiyo ni karatasi fupi yenye mhuri, inayotaja jina la marehemu, wake zake, watoto wake na tarehe ya kifo. Mahakama huitegemea inapofungua shauri la mirathi, na kosa lililomo husafiri hadi mwisho. Pamoja nayo mjane hubeba cheti cha kifo, kitambulisho chake na cha marehemu, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa au kiapo cha mahakama kinachochukua nafasi yake, na nambari ya jeshi ya marehemu. Hapo majina huleta shida ambayo karani wa Nairobi huiona kama udanganyifu. Katika familia za Kiluo mtoto hupewa jina la wakati aliozaliwa au la babu aliyefariki, na si lazima abebe jina la baba. Watoto watatu wa nyumba moja wanaweza kuwa na majina matatu ya mwisho tofauti. Baba naye aliingia jeshini kwa jina la ubatizo na la baba yake, kijijini akajulikana kwa lingine, na cheti cha kifo kikaandikwa kwa la kijijini. Dawa yake ni kiapo, na kiapo kina gharama.

Karatasi zikikamilika, ombi la usimamizi wa mirathi hutangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali, na wenye pingamizi hupewa siku 30. Mahakama za mahakimu zina mamlaka ya kusikiliza mirathi kulingana na thamani ya mali, kwa hiyo familia ya Sindo inaweza kufungua shauri Mbita bila kwenda mbali zaidi. Pale ambapo familia haielewani au watoto ni wadogo, Mdhamini wa Umma, aliye chini ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu, anaweza kushika fedha na kuzigawa. Njia hiyo humlinda mtoto dhidi ya baba mdogo mwenye tamaa. Hata hivyo huongeza ofisi moja kati ya familia na fedha zake, na anayeichagua ajue atasubiri.

Fedha ambazo hazipiti njia hii ni zile za sako. Sheria ya Vyama vya Ushirika humruhusu mwanachama kuandika jina la mteule, na chama humlipa mteule huyo moja kwa moja mwanachama anapofariki. Wanajeshi wengi huweka akiba Ulinzi Sacco. Fomu ya mteule iliyojazwa siku ya kujiunga, kabla ya ndoa, humtaja mama au kaka, na mara nyingi hubaki hivyo hadi kifo. Hakuna jambo dogo lenye manufaa makubwa kwa familia kama mwanajeshi kuipitia fomu hiyo upya kila anapooa au kupata mtoto. Agizo la mapema husaidia hata katika mazishi. Marehemu Jenerali Francis Ogolla, Mkuu wa Majeshi aliyefariki katika ajali ya helikopta huko Elgeyo Marakwet tarehe 18 Aprili 2024 pamoja na wanajeshi wengine 9, alikuwa ameagiza azikwe ndani ya saa 72, na akazikwa Alego, Siaya, tarehe 21. Katika eneo ambako mwili huweza kukaa wiki kadhaa huku ukoo ukishauriana na deni likipanda, agizo lililo wazi liliwaondolea watu wake mzigo mzima wa mabishano.

Mjane akishapata haki yake, desturi na sheria hukutana tena. Pensheni ya mjane hukoma akiolewa upya. Kwa mila ya Kiluo, mjane anayeingia katika tero, akakaa na ndugu wa marehemu, hajaolewa upya. Hakuna mahari mpya, anabaki mke wa marehemu, na watoto atakaowazaa huhesabiwa wa nyumba ya marehemu. Kwa hoja hiyo pensheni yake haina sababu ya kukatwa. Upande wa pili, sheria haiwatambui watoto hao kuwa wategemezi wa mtu aliyekufa kabla hawajatungwa mimba, ingawa kijiji kinawaita kwa jina lake. Afisa anayeamua madai bila kuelewa tofauti hii anaweza kumdhulumu mjane, au kuwalipa wasiostahili.

Sharti la kutoolewa lenyewe limelegezwa kwingineko. Uingereza, tangu Aprili 2015, inawaachia wajane wa waliokufa kwa sababu ya utumishi wa kijeshi pensheni yao hata wakiolewa tena, na mwaka 2023 ilianza kuwalipa pauni 87,500 waliokuwa wamepoteza haki hiyo kabla ya mabadiliko. Marekani tangu 2021 inamwachia malipo mjane anayeolewa baada ya kufikisha miaka 55. Kenya, iliyorithi sharti hilo kutoka kwa mkoloni, imelibakiza huku mkoloni mwenyewe akiliacha. Sharti linalomlazimisha mjane kijana kuchagua kati ya ndoa halali na karo ya watoto humfanya aishi na mwanamume bila cheti, na hivyo huongeza idadi ya familia zisizo na ushahidi wa kimaandishi.

Kuna familia ambazo hazina hata cheti cha kifo. Kambi ya Kenya ya El Adde huko Gedo, Somalia, ilishambuliwa na wanamgambo wa al-Shabaab tarehe 15 Januari 2016, na ile ya Kulbiyow ikashambuliwa Januari 27 ya mwaka uliofuata. Serikali haijawahi kutoa idadi rasmi ya waliokufa El Adde. Miili mingi ilihitaji uchunguzi wa DNA, na wapo ambao hawakuonekana. Sheria ya Ushahidi inaruhusu mahakama kumchukulia mtu kuwa amekufa ikiwa hajasikika kwa miaka 7. Kwa mke wa mwanajeshi aliyepotea vitani, miaka 7 ni muda wa kikatili. Usiri wa kijeshi unaweza kuwa na sababu zake mbele ya adui. Mbele ya familia hauna sababu, kwani kila mwanajeshi aliyekuwa kambini siku hiyo anajulikana kwa nambari.

Wapo pia walioachwa nje kabisa. Jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982 lilifanywa na askari wa Jeshi la Anga, na vijana wengi wa Nyanza walikuwa katika kikosi hicho. Kikosi kilivunjwa, mamia wakafikishwa mbele ya mahakama za kijeshi, na wengi zaidi wakafukuzwa bila kupatikana na hatia. Waliofukuzwa walipoteza kiinua mgongo na pensheni, na wake zao hawakurithi kitu kutoka serikalini. Miongo mitatu baadaye baadhi yao walishinda kesi za fidia kwa kuteswa na kuzuiliwa kinyume cha sheria. Kwa wengine fidia iliwakuta wamekwisha kufa, na familia zikalazimika kufungua mirathi kwanza ndipo ziweze kuidai.

Sheria ya Wanajeshi Wastaafu ya mwaka 2022 ndiyo ya kwanza nchini kuwashughulikia wastaafu na wategemezi wao kama kundi lenye haki zake. Inahusu kutambuliwa kwao, ustawi, matibabu na heshima. Afrika Kusini ilikuwa imetunga yake mwaka 2011, ikitaja wazi msaada wa mazishi, elimu na nyumba. Kwa mjane wa Sindo, faida ya sheria ya Kenya itategemea daftari la wastaafu na wategemezi litakavyojazwa. Likijazwa Nairobi kutoka kwa faili zilizopo, litarudia makosa yote ya faili hizo. Likijazwa katika kaunti ndogo, mstaafu akiwa hai na wake zake na watoto wakiwepo, chifu akisaini mbele yao, maswali mengi yaliyotajwa hapa yatakuwa yamejibiwa kabla ya msiba.

Madai yanapokwama, familia ina milango kadhaa ya kubisha. Kituo cha Huduma hupokea maulizo ya pensheni. DEFOCA na Chama cha Wake wa Wanajeshi, MWAK, huwasemea wasiojua njia ya kambini. Tume ya Haki ya Utawala, iliyoundwa mwaka 2011, hupokea malalamiko bila malipo, na ucheleweshaji wa pensheni ni miongoni mwa mambo inayoyashughulikia. Fedha zilizokaa benki, kwenye sako au katika kampuni ya bima bila kudaiwa hupelekwa kwa Mamlaka ya Mali za Fedha Zisizodaiwa, na mrithi anaweza kutafuta jina la marehemu huko, akilijaribu kwa kila namna lilivyowahi kuandikwa: la ubatizo, la ukoo, na lile alilojiandikisha nalo jeshini.